Diwani Aliyewapigania Mbwa, Paka na Tembo Mmoja

Video yenyewe ni fupi tu. Tembo dume kasimama karibu na uzio, kichwa kinapanda, kinashuka, kinapanda, kinashuka, mkonga unafuata. Hali chakula, hatembei, hakuna mtu anayemuita. Anatikisa kichwa tu. Nikasubiri aache.

Video ikaisha hajaacha.

Huyo ni Billy, tembo wa Asia, aliingia zuu ya Los Angeles mwaka 1989 akiwa na miaka 4, na huo mchezo wa kichwa watu wameurekodi miaka na miaka. Wataalamu wengi wa tembo watakwambia mnyama akianza hivyo ujue kachoka maisha ya kufungiwa, zuu wao walikuwa na maelezo yao. Mei 2025 Billy na jike mmoja anaitwa Tina wakapakiwa wakapelekwa Tulsa, Oklahoma. Na usidhani ni hifadhi kubwa ya msituni. Ni zuu nyingine.

Nilipoisoma ile habari, kitu cha kwanza kilichonijia siyo hata tembo. Nilijiuliza, na yule diwani je?

Maana kulikuwa na diwani. Mzee mmoja aliyekaa baraza la jiji la Los Angeles kuanzia 2009 hadi 2022, ambaye ukitaja mbwa, paka, sungura, tembo, simba wa milimani (yule paka mkubwa wa Amerika, puma), jina lake lipo kwenye faili. Wiki kadhaa sasa nimekuwa nikifukua habari zake, nikiacha, nikirudi, kwa sababu kuna kitu kwenye ile safari yake kilikuwa kinanikera na nilishindwa kukiwekea kidole. Basi leo naandika, labda nikiandika kitakaa sawa.

Alikotokea

Paul Koretz. Kama hufuatilii siasa za kule humjui na wala siyo kosa lako.

Alianzia West Hollywood, kajimji kadogo sana kalikojitenga na kuwa mji kamili 1984, baraza lake lina madiwani 5 basi. Yeye akaingia 1988. Mwaka uliofuata baraza hilo likatoa azimio dhidi ya kujaribishia vipodozi kwenye wanyama, na wakatangaza mji wao hautaki ukatili kwa wanyama. Wakati huo wengi walicheka. Kajimji unakavuka kwa gari kabla wimbo haujaisha redioni, kanatangazia viwanda vya vipodozi vita!

Ila mimi nadhani pale ndipo jamaa alipojifunza kazi. Kwamba baraza dogo likisema kitu cha ajabu mapema, linachekwa, halafu baada ya miaka kumi na kitu wakubwa wanakuja kulisema wao kama wamelianzisha wao.

Toka 2000 mpaka 2006 akawa mbunge wa bunge la jimbo la California. Huko, 2004, akapitisha sheria ya kupiga marufuku kutoa kucha za paka wa porini, maana yake simba, chui, tiger na jamaa zao ambao watu wanawafuga (ndio, wanawafuga, ile ni California). Paka wa nyumbani hawakuingia. Hilo likumbuke.

Kucha

Hapa lazima nisimame kidogo, maana na mimi zamani nilidhani kumtoa paka kucha ni kama kukata kucha, mkasi, kap, imeisha.

Siyo hivyo. Kucha ya paka haikai juu ya kidole kama yetu, imeota kutoka kwenye mfupa wa mwisho wa kidole. Kwa hiyo ukitaka isiote tena unakata ule mfupa. Wote. Kidole kwa kidole. Kwa mkono wako, ni kama mtu aweke kisu kwenye kiungo cha mwisho cha kila kidole, pale karibu na kucha, halafu akate. Paka anaamka kutoka kwenye usingizi wa dawa anatakiwa ajifunze upya kutembea. Na sababu mara nyingi ni nini? Sofa. Paka alikuwa anakwaruza sofa.

West Hollywood walipiga marufuku 2003. Chama cha madaktari wa wanyama cha California kikaenda mahakamani, hoja yao ni kwamba leseni ya daktari inatolewa na jimbo, mji hauna haki ya kumpangia daktari afanye upasuaji gani. Walishinda kwanza, halafu 2007 mahakama ya rufaa ikaurudishia mji ushindi. Ikaonekana kumbe miji inaweza.

Sasa angalia kilichofuata, hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Wale madaktari wakaenda bungeni, 2009 ikapita sheria ya jimbo kwamba mji usimzuie mtaalamu mwenye leseni kufanya taratibu za taaluma yake. Ila sheria ikapewa tarehe ya kuanza: 1 Januari 2010. Na chochote ambacho mji utakuwa umeshakipitisha kabla ya hapo kinabaki.

Ulishawapa watu dedilaini ukategemea walale?

Koretz alikuwa na miezi tu kwenye kiti, kaapishwa Julai 2009. Akaisukuma ile hoja Los Angeles ikapita Novemba. Na siyo Los Angeles peke yake, kwenye ile miezi ya mwisho wa mwaka ikapitishwa pia San Francisco, Berkeley, Santa Monica, Beverly Hills, Burbank, Culver City. Miji 7 ndani ya msimu mmoja, kwa sababu tu kuna mtu alitaka kufunga mlango na akatangaza saa ya kuufunga. Bila ile sheria ya kuwazuia nadhani nusu ya miji hiyo ingekuwa bado inaunda kamati.

Jimbo la kwanza Marekani kupiga marufuku jambo hili lote lilikuja kuwa New York, 2019. Miaka 16 baada ya kale kajimji kanakochekwa.

Mbwa wa dukani, ndovu wa sarakasi

Baada ya hapo ni ushindi juu ya ushindi, nitapita haraka.

2012, Los Angeles ikapiga marufuku maduka kuuza mbwa, paka na sungura waliotoka kwa wazalishaji wa biashara. Duka likitaka kuuza mbwa, achukue kwenye shelta, yaani vituo vya kutunzia wanyama wasio na mwenyewe, au kwa vikundi vya uokoaji. Walengwa ni yale mabanda ya uzalishaji ambako jike anazalishwa mfululizo maisha yake yote ndani ya kizimba cha waya, halafu watoto wanasafirishwa kwa lori majimbo na majimbo mpaka dirisha la duka. Jimbo zima likaiga, sheria ikapita 2017 ikaanza 2019, California ikawa ya kwanza.

Wajanja hawakukosekana. Ghafla vikazaliwa "vikundi vya uokoaji" vinavyookoa watoto wa mbwa wa gharama, wote wa umri mmoja, wote wa mbegu safi, wote kutoka kwenye mabanda yale yale. Ajabu kweli, mbwa wenye shida wote ni wazuri! Ikabidi 2020 bunge litunge sheria nyingine ya kuziba tundu, na kuweka kwamba ada yote ya kumchukua mnyama isizidi dola 500.

2013 likaja la ile fimbo yenye ndoano ya chuma wanayomwongozea tembo wa sarakasi, wanamkita nayo nyuma ya sikio, kwenye miguu, sehemu zenye ngozi laini. Baraza likakubali ipigwe marufuku, lakini likatoa muda mpaka 2017 ili kampuni zijipange. Kabla hata tarehe haijafika, 2015, sarakasi kubwa ya Ringling ikatangaza inawastaafisha tembo wake, na moja ya sababu walizotoa wenyewe ni uchovu wa kupambana na sheria ndogo za mji huu na mji ule. Mei 2017 wakafunga kabisa. Waliporudi 2023 hakukuwa na mnyama hata mmoja.

Manyoya ya mavazi nayo yakapigwa marufuku Los Angeles 2019, Koretz akiwa mmoja wa waliosukuma, na jimbo likafuata mwaka huo huo.

Yaani kama unasoma tu vichwa vya habari utasema huyu diwani alikuwa hashindwi.

Hapo ndipo nilipokwama

Maana nilikuwa naandaa kichwani makala ya sifa. Mzee mpole, mvumilivu, anapitisha sheria moja baada ya nyingine, dunia inafuata. Nilishaanza hata kuiandika.

Halafu nikafika kwenye shelta.

Los Angeles ina shelta 6 za jiji, kwa watu karibu milioni 4. Siyo za shirika, siyo za mfanyabiashara, za jiji. Na aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya baraza inayosimamia ustawi wa wanyama alikuwa Koretz. (Kamati yenyewe ilikuwa na mambo ya utumishi humo humo, wafanyakazi wa jiji na wanyama wa jiji meza moja, sijui nani alikaa akaona inafaa.)

Lengo la jiji lilikuwa kufika pale ambapo kati ya wanyama 100 wanaoingia shelta, 90 wanatoka hai. Ukifika hapo unaruhusiwa kujiita mji usioua. Shirika la kutetea wanyama la Best Friends walianzisha kampeni ya muungano 2012 na kweli namba zikapanda, mapema 2021 ikatangazwa Los Angeles imevuka asilimia 90 kwa mwaka 2020.

Mwaka 2020, jamani. Watu wako ndani, kila mtu anataka mbwa, wanaoletwa shelta wamepungua. Hata mimi ningevuka.

Baada ya watu kurudi makazini na kodi za nyumba kupanda, mabanda yakajaa. Julai 2022 Los Angeles Times wakaandika habari ambayo niliisoma nikaifunga nikaenda kunywa maji. Kulikuwa na mbwa wanaokaa kwenye banda wiki, hata miezi, bila kutolewa kutembea. Siyo kwamba kuna mtu mkatili aliwafungia. Hakukuwa na mtu wa kuwatoa. Wafanyakazi wachache, na kazi ya kuwatembeza mbwa ilikuwa inategemea watu wa kujitolea, asipokuja aliyejitolea mbwa hatoki.

Sasa mfikirie mbwa huyo. Ana sheria inayomlinda asiuzwe dukani. Ana jiji ambalo halina sarakasi ya tembo. Na hajakanyaga majani tangu mwezi uliopita.

Hapo ndipo kile kitu kilichokuwa kinanikera kikajitokeza.

Sheria zote alizoshinda Koretz zilikuwa zinamwambia mtu mwingine aache kitu. Daktari aache. Mwenye duka aache. Mwenye sarakasi aache, na huyo hata kura hapigi pale. Gharama inabebwa na mtu ambaye hayumo ukumbini, na jiji halitoi hata senti. Baraza la watu 15 linanyoosha mikono yote, picha inapigwa, kila mtu kambeba kitoto cha mbwa.

Lakini ukimwambia baraza hilo hilo, sasa na sisi tufanye kitu, tuajiri, tujenge, tulipe, mikono inakuwa mizito.

Milima

Nikarudi nikaanza kukagua upya, na kila nilipogusa pakawa hivyo hivyo.

Jimbo lake la uchaguzi lilikuwa la tano, maeneo ya Westwood, Bel-Air, vilima vya Santa Monica, watu wa huko hawalali njaa. Kwenye vilima vile kuna simba wa milimani, na barabara kuu zimewakata vipande vipande, simba wa upande huu hawezi kumfikia jike wa upande ule. Yule maarufu, P-22, alivuka barabara mbili kubwa mpaka Griffith Park, mbuga iliyo ndani ya jiji, na akakaa hapo peke yake miaka, bila mwenzake.

Mwaka 2014 Koretz akapeleka hoja kwamba kwenye vilima hivyo wajenzi waache njia za wanyama kupita. Uzio usizibe, mjengo usifunike kila kitu.

Safari hii wa kuambiwa aache alikuwa mpiga kura wake mwenyewe, mwenye kiwanja, mwenye wakili.

Hoja ikapigwa danadana. Mikutano, ramani, mikutano ya kujadili ramani. Akamaliza muda wake Desemba 2022, na siku chache baadaye, tarehe 17 mwezi huo huo, P-22 akachomwa sindano ya kufa kwa sababu alikuwa ameshaumia na kuugua kiasi cha kutotibika. Sisemi sheria ingemwokoa, alikuwa mzee yule. Nasema tu kwamba ukiweka fimbo ya sarakasi na uzio wa Bel-Air pembeni, utaona ni kipi kina miguu mifupi barazani.

Paka dhidi ya ndege

Hii nayo ilinivuruga kwa namna nyingine, maana hapa adui hakuwa tajiri wala mwenye duka. Walikuwa ni wapenda wanyama wenzake.

Los Angeles imejaa paka wasio na mwenyewe, mapaka shume ya vichochoroni. Kuna njia ya kuwashughulikia ambayo watu wa paka wanaiamini: unamnasa, unamhasi, unamrudisha alipokuwa, kundi linapungua lenyewe taratibu. Jiji likaanza kuiunga mkono. Watu wa ndege wakasema hapana, paka aliyehasiwa bado anakula ndege, ninyi mnatumia hela za umma kuwarudisha wawindaji porini bila tathmini ya mazingira. 2008 wakashtaki. Mahakama ikawaelewa, ikaweka zuio, jiji lisiendeshe mpango huo mpaka lifanye tathmini kamili ya athari kwa mazingira.

Tathmini ikaja kupitishwa Desemba 2020.

Hesabu mwenyewe. Karibu muda wote wa Koretz barazani jiji lilikuwa haliruhusiwi hata kumpa raia vocha ya kumhasi paka wa mtaani. Miaka kumi paka wanazaa tu, na kila msimu wa joto shelta zinapokea vitoto vya paka ambavyo havijafumbua macho, vinavyotakiwa kunyonyeshwa chupa kila baada ya saa mbili tatu, usiku na mchana, na shelta usiku haina mtu.

Kwa nini tathmini ichukue muda wote huo? Tathmini inahitaji hela na watu. Tumerudi pale pale.

Na sitaki kuwacheka watu wa ndege, wana pointi. Paka anaua kweli. Ninachosema ni kwamba ule mwaka wa kwanza wa zuio ilitakiwa mtu asimame barazani aseme lipieni hii tathmini leo, vinginevyo sipigi kura ya bajeti. Koretz alikuwa ni mtu wa kuomba. Kwa adabu, mwaka hadi mwaka.

Billy sasa

Zuu ya Los Angeles ni idara ya jiji. Billy alikuwa mali ya jiji kama ilivyo gari la taka. Kwa hiyo ukitaka Billy aende hifadhini hukuhitaji kumshinda mfanyabiashara, ulihitaji madiwani wenzako wachache waseme ndiyo.

Mwaka 2009, miezi kabla Koretz hajaingia, baraza lilikuwa limeshajadili kusitisha ujenzi wa boma jipya la tembo la dola milioni 42, likaamua liendelee kwa kuwa hela nyingi ilishamwagika. Likafunguliwa 2010. Kukawa na kesi, 2012 jaji akaona tembo hawana hali nzuri, akaamuru udongo wao ulimwe uwe laini miguuni na wapewe muda wa mazoezi, ila hakulifunga boma. Mahakama ya juu kabisa ya jimbo 2017 ikaifuta hukumu hiyo.

Koretz akaleta hoja Billy apelekwe hifadhi ya tembo. Akailea, akaisema kwenye kamati, wanaharakati wakajaa ukumbini na fulana zao. Haikuenda popote. Boma la milioni 42 bila tembo dume ni aibu yenye risiti.

Majike wawili wazee wa boma lile wakafa, mmoja 2023 mwingine 2024. Wakabaki Billy na Tina tu. Hapo ndipo zuu yenyewe ikaamua kuwahamisha, na ikachagua zuu.

Mwenye kuamua akawa ni yule yule aliyekataa kuamua.

Wakati watu wanalala nje?

Kuna swali ambalo mtu yeyote anayesoma haya atakuwa nalo, na mimi nilikuwa nalo, nikalikwepa kwa siku nyingi.

Hesabu ya 2022 ilikuta karibu watu 42,000 wasio na makazi ndani ya jiji la Los Angeles. Unapitaje mitaa hiyo, mahema pande zote, unaingia ukumbini unazungumzia manyoya ya koti? Si ndiyo siasa za walioshiba hizi?

Jibu langu limebadilika njiani. Mwanzo nilisema ndiyo, ni siasa za walioshiba. Halafu ukitazama shelta za jiji zinapokea nini, unakuta mlangoni amesimama mtu amehamishwa nyumba, kule anakokwenda mwenye nyumba hataki mbwa, au anataka amana ya mbwa ambayo hana. Unakuta wanaolala nje wanakataa kitanda kwa sababu kituo cha watu hakipokei mbwa wao, na huyo mbwa ndiye ndugu pekee aliyebaki. Mbwa aliyeachwa shelta na mama aliyefukuzwa kwenye nyumba ni kesi moja.

Kwa hiyo aliyeshiba ni yule anayejali wanyama kwenye koti na sarakasi tu. Ukiwajali mpaka shelta, unakutana na masikini mlangoni, na unakutana na bajeti.

Nadhani Koretz alilijua hili. Ukisikiliza alivyokuwa anahoji wakuu wa idara unaona alijua. Ila meneja wa idara anateuliwa na meya, bajeti inaandikwa na meya, yeye ni kura 1 kati ya 15. Mwanasiasa wa namna hiyo anafanya nini? Anafanya kile kinachowezekana, na kinachowezekana ni kukataza. Siwezi kumlaumu sana. Lakini pia siwezi kuimalizia ile makala ya sifa.

Uchaguzi

Muda wake ulipoisha 2022 akagombea ukontrola wa jiji, yule afisa anayekagua hesabu za jiji lote, idara kwa idara. Ukifikiria, ni kiti ambacho kingempa kalamu aliyoikosa. Angeweza kuingia kwenye vitabu vya idara ya wanyama na kusema hela imekwenda hapa, haikwenda hapa.

Mpinzani wake kwenye duru ya mwisho alikuwa Kenneth Mejia, mhasibu kijana, kazaliwa 1990, hajawahi kuwa diwani wala mbunge. Koretz ana miongo barazani na bungeni, ana orodha ya kuidhinishwa na wakubwa.

Mejia akaja na mbwa.

Sitanii. Kampeni yake ilijaa corgi zake, wale mbwa wa miguu mifupi, kwenye picha, kwenye mitandao, kuna mpaka mtu aliyevaa nguo ya corgi akatembea mitaani. Diwani wa wanyama, baada ya maisha yake yote kuwapigania, anapigwa chenga na mbwa wawili wa mpinzani. Na alipigwa vibaya, haikuwa hata karibu.

Nilicheka sana mara ya kwanza. Mara ya pili nikaangalia yale mabango makubwa ya barabarani ya Mejia, na pale nikaacha kucheka. Mbwa walikuwa wa kukuvuta jicho tu. Bango lenyewe lilikuwa ni bajeti ya jiji. Mistari ya rangi, idara hii inapata kiasi hiki, polisi hapa, makazi hapa, mstari mmoja mrefu mpaka unakosa nafasi, mingine huioni bila kusogea karibu.

Kwa miaka mingi mwenyekiti wa kamati ya wanyama alikuwa na haki ya kuchora bango hilo hilo akaonesha mstari wa idara yake, uliokuwa mwembamba kiasi kwamba 2025, jiji lilipokutwa na pengo la karibu dola bilioni 1, mazungumzo ya kwanza kwenye idara hiyo yakawa ni kufunga shelta 3 kati ya zile 6. Baadaye baraza likarudisha hela. Waliojaa ukumbini kulipigia kelele suala hilo walikuwa ni wale wale wa kujitolea wanaotembeza mbwa, na safari hii walikuja wameshika karatasi za bajeti.